Shamba la Miwa Linapopumzika: Somo la Kudhibiti Magugu Bila Kukatua Ardhi Yote

Mkazi wa Kariakoo, Gerezani au Jangwani akiona kichwa cha somo hili anaweza kuuliza: miwa inatuhusu nini sisi tunaoishi kati ya maduka na vituo vya daladala? Jibu la kwanza liko jikoni. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika madukani baada ya mvua nyingi kuzuia uvunaji wa miwa na kazi za viwanda, na Januari mwaka huo Bodi ya Sukari Tanzania ikalazimika kutangaza bei elekezi. Kila aliyepanga foleni ya kilo moja ya sukari alijifunza siku ile kuwa maisha ya mjini yamefungwa kwa kamba moja na shamba la miwa la Kilombero au Mtibwa.

Jibu la pili liko mfukoni. Wakazi wengi wa kata zetu wana ekari chache bara. Wapo waliorithi, wapo walionunua kwa akiba ya biashara, na wapo wanaopeleka fedha kila msimu kwa ndugu aliyebaki Kidatu, Ruaha, Mang'ula au Turiani ili asimamie shamba kwa niaba yao. Jibu la tatu liko mitaani mwetu. Mkulima wa mikoani anapohitaji jembe, mbegu, bomba la kunyunyizia au dawa ya magugu, mara nyingi vitu hivyo hupitia Kariakoo kabla ya kumfikia. Kinachouzwa vizuri au vibaya hapa kwetu huamua kinachoota au kinachokufa huko.

Somo hili linahusu kipindi ambacho mwenye shamba aliyeko mjini hukisahau kuliko vyote, nacho ni miezi ambayo shamba la miwa limepumzishwa kati ya miwa ya zamani na miwa mipya. Katika miezi hiyo hakuna kinachovunwa wala kinachouzwa, na kwa sababu hiyo simu hazipigwi na fedha hazitumwi. Lakini ni katika miezi hiyohiyo ndipo hatima ya miaka sita au saba ijayo inapoamuliwa.

Kupumzisha shamba ni nini?

Muwa ukishapandwa huvunwa kwa mara ya kwanza baada ya takriban mwaka mmoja. Baada ya kukatwa, shina lililobaki ardhini huchipua tena, na mkulima huvuna maotea hayo mwaka baada ya mwaka bila kupanda upya. Hata hivyo maotea hayadumu milele. Mashina hupungua, mapengo hutokea katika mistari, magonjwa hujikusanya, udongo hushindiliwa na matrekta na malori ya kubebea miwa, na mavuno hushuka. Hapo ndipo mkulima huondoa mashina ya zamani na kuliacha shamba kwa muda kabla ya kupanda tena. Muda huo ndio tunaouita mapumziko ya shamba.

Wengi hudhani kuwa kupumzisha ni kuacha. Hili ni kosa la kwanza la kurekebisha. Shamba lililoachwa halipumziki hata kidogo, kwa sababu limepata wapangaji wengine. Magugu huota, hukomaa, hudondosha mbegu na kutanua vitunguu vyake chini ya ardhi. Mashina ya miwa ya zamani yaliyobaki huchipua yenyewe na kuhifadhi magonjwa, ukiwemo ugonjwa wa fugwe, ambao hutambulika kwa mjeledi mweusi unaochomoza kileleni mwa muwa. Siku ya kupanda inapofika, mkulima hupanda mbegu mpya katikati ya maadui aliowalea mwenyewe.

Shamba linapumzika kweli pale linapokuwa halina muwa wa zamani, halina magugu yanayotoa mbegu, na udongo wake umefunikwa. Tafadhali yashike masharti haya matatu, maana somo lote linayazunguka.

Kwa nini desturi ya kukatua kila kitu inatiliwa shaka?

Desturi iliyozoeleka ni kuita trekta. Shamba hukatuliwa kwa jembe la sahani, hupigwa haro mara moja au mbili, kisha huchongwa mifereji ya kupandia. Kwa macho, kazi hiyo hupendeza: ardhi inabaki nyeusi, tupu na laini. Lakini kuna mambo manne yanayotendeka ambayo macho hayayaoni.

Kwanza, mbegu za magugu zilizozikwa chini huletwa juu, zikapata mwanga na unyevu, zikaota. Kila ukatuaji hufungua ghala jipya la mbegu. Pili, magugu yanayoenea kwa vitunguu au kwa mashina ya chini ya ardhi hukatwakatwa vipande, na kila kipande huwa mmea. Tatu, udongo uliobaki uchi hupigwa na mvua za kwanza, tabaka lake la juu hubebwa na maji, na unyevu wake hupotea kwa jua. Nne, kila hatua ya trekta hulipiwa, kwa fedha ya mafuta na ya kukodi, kabla muwa hata mmoja haujaota.

Mashaka haya si mageni. Nchini Afrika Kusini, kituo cha utafiti wa miwa cha Mount Edgecombe kilianza kuyashughulikia tangu miaka ya 1970, kikahimiza njia ya kuua mashina ya zamani pale yalipo na kupanda mistari mipya bila kugeuza ardhi yote. Huko Australia, mradi mkubwa wa pamoja wa utafiti ulianzishwa mwaka 1993 baada ya mavuno ya miwa kudumaa katika mashamba yaliyopandwa miwa mfululizo kwa miongo mingi. Watafiti waligundua kuwa udongo ulikuwa umechoshwa na mambo matatu kwa pamoja: zao moja lisilobadilishwa, uzito wa mashine, na ukatuaji uliokithiri. Tiba waliyoipendekeza ilikuwa kupanda mikunde wakati wa mapumziko, kuyaelekeza magurudumu yapite njia zilezile kila mara, na kupunguza kukatua.

Hatuna sababu ya kuiga kila kitu cha wenzetu, kwa kuwa mkulima wa ekari tatu za Kilombero hana mashine za Australia. Lakini kanuni ni ileile, na kwa mkulima mdogo ni rahisi zaidi kuitekeleza, kwa kuwa jembe la mkono huchagua mahali pa kuchimba kuliko trekta.

Mjue adui kabla ya kununua silaha

Magugu si kitu kimoja. Anayenunua dawa bila kujua jina la gugu lake hana tofauti na mgonjwa anayemeza dawa ya jirani. Kabla ya kutuma fedha, mwombe msimamizi wako azunguke shamba, apige picha za magugu kwa simu, na akueleze kila aina imekaa upande gani. Katika mashamba ya miwa ya ukanda wetu makundi yafuatayo hustahili uangalifu wa pekee.

Ndago. Hili ndilo gugu sugu kuliko mengi. Juu ya ardhi ni kijani chembamba, lakini nguvu yake iko chini, katika vitunguu vidogo vilivyounganishwa kama ushanga. Kitunguu cha juu kinapokuwa hai huwazuia wenzake wasichipue. Jembe linapokata mnyororo huo, vile vilivyolala huamka vyote. Ndiyo maana shamba lililolimwa wakati wa mvua ili kuondoa ndago huonekana kuwa na ndago maradufu baada ya wiki tatu. Ndago ina udhaifu wa aina mbili: haivumilii kivuli, na vitunguu vyake hufa vikianikwa juani hadi vikauke.

Ukoka na sangari. Nyasi hizi hutambaa kwa mashina yaliyo juu au chini ya ardhi. Kipande kidogo kilichobebwa na haro kutoka kona moja kinaweza kuanzisha koloni katika kona nyingine. Safisha jembe la trekta kabla halijaingia shambani kwako, hasa likiwa limetoka shamba la jirani.

Nyasi ndefu zenye vinywele vinavyowasha. Zikiwa changa hufanana na muwa, kiasi kwamba mpaliliaji asiye na uzoefu huziacha. Hudondosha mbegu nyingi na mapema. Faraja ni kwamba mbegu zake hazidumu miaka mingi ardhini. Ukizizuia zisitoe mbegu kwa msimu mmoja au miwili ya mapumziko, idadi yake hupungua sana.

Kiduha. Gugu hili lenye maua mazuri hunyonya mizizi ya mahindi, mtama, na hata muwa. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, nazo huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikingoja mmea wa kunyonya. Usilisubiri lichanue. Ling'oe na kuliteketeza kabla halijatoa mbegu.

Muwa wa zamani. Wengi watashangaa kuuona katika orodha hii. Lakini muwa unaochipua mahali usipotakiwa ni gugu kama mengine, tena ni gugu linalobeba ugonjwa kutoka zao lililopita hadi zao lijalo.

Hatua za kazi, msimu kwa msimu

Kalenda ifuatayo imefuata majira ya bonde la Kilombero, ambako kiangazi huanza Juni hadi Oktoba, mvua za vuli hunyesha kuelekea mwisho wa mwaka, na masika huwa kati ya Machi na Mei. Wenye mashamba kwingineko waisogeze kulingana na mvua zao, na kila mmoja awasiliane na chama chake cha ushirika kuhusu ratiba ya kupanda na kuvuna.

Baada ya mavuno ya mwisho, usichome mabaki. Majani makavu yaliyobaki shambani ndiyo blanketi la bure la kuzuia magugu kupata mwanga. Ikiwa muwa ulichomwa kabla ya kukatwa, kama ilivyo desturi sehemu nyingi, tandaza kilichosalia na usikichome mara ya pili. Yaache pia mabaki yote ndani ya shamba, wala usiyasombe kwenda mpakani.

Katika kiangazi, shughulika na madoa ya ndago na ng'oa mashina. Hapa tunafika kwenye jambo ambalo huwachanganya wengi. Tumesema kukatua huzidisha ndago. Ni kweli, ardhi inapokuwa na unyevu. Lakini katika kilele cha kiangazi, ardhi ikiwa kavu, kulima madoa ya ndago peke yake, kuyageuza, na kuyaacha wazi juani, kisha kurudia baada ya wiki mbili, hukausha vitunguu vingi. Kazi ileile ifanywayo Agosti ni dawa, na ifanywapo Desemba ni balaa. Kupunguza kukatua maana yake ni kuchimba mahali panapostahili na kwa wakati unaostahili. Pale penye madoa hayo sogeza matandazo kando kwa muda. Kwingine yaache.

Mashina ya miwa ya zamani yang'olewe kwa jembe la mkono au sururu, yageuzwe mizizi juu, yakauke. Nafasi kati ya mistari isiguswe. Kwa shamba la ekari chache lenye ndugu au vibarua, hii ndiyo njia salama kuliko zote, maana haihitaji sumu yoyote.

Mvua za kwanza zikinyesha, subiri magugu yaote. Usikimbilie kupanda. Ruhusu wimbi la kwanza la magugu na machipukizi ya miwa lijitokeze, kisha liue likiwa changa, kwa palizi ya juujuu au kwa dawa. Ukitumia palizi, jembe lipite karibu na uso wa ardhi na lisifukue. Ukitumia dawa ya glaifoseti, fahamu kuwa hufanya kazi kupitia majani mabichi ya mmea unaokua kwa nguvu. Kunyunyizia mashina makavu ya Septemba ni kumwaga fedha. Maji ya kuchanganyia yawe safi, kwa kuwa maji ya tope huishika dawa hiyo na kuifanya isiwe na kazi.

Baada ya hapo, panda mikunde. Udongo usibaki uchi. Hapa Tanzania tuna historia yetu wenyewe ya kujivunia. Marejea, mmea wa jamii ya mikunde wenye maua ya njano, ulienezwa kwa bidii katika Mkoa wa Ruvuma miaka ya 1980 na Padre Gerold Rupper wa Abasia ya Peramiho, aliyewafundisha wakulima kuutumia kurutubisha udongo na kuyashinda magugu. Marejea hukua haraka, huweka kivuli kizito ambacho ndago haikipendi, huingiza naitrojeni ardhini, na mimea ya jamii yake inajulikana kwa kupunguza minyoo wadogo wa mizizi. Hata hivyo marejea isipandwe kwa matumaini ya chakula cha mifugo, na mbegu zake zisichanganywe na nafaka, kwa kuwa baadhi ya aina za jamii hiyo zina sumu.

Anayehitaji chakula au fedha katika kipindi hicho anaweza kupanda choroko, kunde, soya, karanga au fiwi. Choroko na kunde hukomaa katika muda wa miezi miwili hadi mitatu, na soko lake liko hapahapa Kariakoo. Kwa mwenye shamba aliyeko mjini, gunia la choroko linalofika sokoni mwezi Machi ni ushahidi kwamba shamba lake halikuachwa. Tahadhari moja: baadhi ya dawa za magugu zinazotumika katika miwa, kama zile zenye diuroni au atrazini, hukaa ardhini kwa miezi na huua mikunde. Muulize msimamizi wako ni dawa gani ilipigwa msimu uliopita kabla ya kununua mbegu.

Kata mikunde inapochanua, uilaze juu ya ardhi. Marejea ikiachwa hadi ikomae, shina lake huwa gumu kama kuni na mbegu zake hugeuka kuwa gugu jipya. Ikikatwa wakati wa maua, huoza polepole na kuwa matandazo.

Mwisho, chonga mifereji ya kupandia tu. Masika yakikaribia, fungua mistari mipya katikati ya mistari ya zamani, panda pingili safi za muwa, fukia, na sehemu yote iliyobaki iache na matandazo yake. Pingili zitoke katika shamba la mbegu linalojulikana kuwa halina ugonjwa. Kituo cha TARI Kibaha, ambacho ndicho chenye dhamana ya kitaifa ya utafiti wa miwa, ndicho mahali pa kuulizia aina bora na mbegu safi. Kazi nzuri ya mapumziko huharibiwa kabisa na mbegu mgonjwa.

Kumbuka pia kuwa vita haviishi siku ya kupanda. Miezi mitatu au minne ya mwanzo, kabla majani ya miwa hayajakutana na kufunika nafasi kati ya mistari, ndiyo miezi ambayo magugu huiba mavuno. Shamba lililopumzishwa vizuri huingia katika miezi hiyo likiwa na magugu machache, na palizi yake huwa nyepesi.

Ni lini trekta bado linahitajika?

Tungekuwa tunadanganya kama tungesema ukatuaji hauna nafasi. Iwapo udongo umeshindiliwa hadi maji yanatuama na mizizi inageuka upande, tabaka hilo gumu lazima livunjwe. Iwapo shamba linahitaji kusawazishwa au kuchimbiwa mitaro ya kutoa maji, hakuna njia ya mkato. Iwapo mashina mengi yana fugwe, yote yang'olewe, hata ikibidi kugeuza ardhi yote. Kipimo ni rahisi: chimba shimo la kina cha goti katika sehemu tatu za shamba. Mizizi ikishuka chini bila kizuizi, huna sababu ya kulipia ukatuaji wa shamba zima. Ikiwa imelala kama mkeka juu ya tabaka gumu, lipia kazi ya kulivunja tabaka hilo, ukati wa kiangazi, na usirudie kila mwaka.

Kununua dawa Kariakoo: haki na wajibu

Sehemu hii inawahusu wanunuzi na wauzaji wa kata zetu kwa pamoja. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, maarufu kama TPHPA, yenye jukumu la kusajili viuatilifu na kusimamia biashara yake. Kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kuuliza, na muuzaji ana wajibu wa kuonyesha.

Kabla ya kulipa, angalia mambo haya. Chombo kiwe kimefungwa na kifuniko chake hakijaguswa. Lebo iwe na maelekezo yanayosomeka kwa Kiswahili, namba ya usajili, jina la kiambato, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Tazama ukanda wa rangi ulio chini ya lebo: nyekundu ni hatari kubwa, njano hufuata, kisha bluu, na kijani ni hatari ndogo zaidi. Dai risiti. Usinunue dawa iliyopimwa na kumiminwa katika chupa ya maji au ya soda, hata kama bei yake inavutia. Huwezi kujua ni nini, ni kiasi gani, wala ni ya lini.

Onyo la chupa ya maji halihusu uhalisi wa dawa peke yake. Katika nyumba zetu za vyumba vingi, watoto wa familia nne hucheza ua mmoja. Chupa iliyowekwa chini ya kitanda ikingoja basi la kesho asubuhi inaweza kuonekana kuwa kinywaji. Baadhi ya viua magugu, hasa vyenye parakwati, huua kwa funda moja, wala hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu parakwati tangu mwaka 2007. Kuhusu glaifoseti, mwaka 2015 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, ingawa mamlaka nyingi za udhibiti bado zinairuhusu. Hoja hizi zinatosha kumfanya mtu mwenye busara atumie jembe na kivuli cha mikunde kwanza, na dawa pale inapobidi.

Ajali ikitokea, mpeleke mgonjwa hospitali mara moja, iwe Mnazi Mmoja, Amana au Muhimbili, ukiwa na lebo au chombo chenyewe mkononi ili daktari ajue kilichomezwa. Usimlazimishe kutapika. Dawa ikimwagikia ngozi, vua nguo zilizolowa na uoshe kwa maji mengi na sabuni.

Chombo kilichokwisha kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yamiminwe ndani ya bomba la kunyunyizia, kisha chombo kitobolewe kisiweze kutumika tena. Tunawasihi wakusanyaji wa plastiki na wauza mafuta ya kula katika mitaa yetu: galoni ya dawa haioshwi ikawa safi. Isitumike kubebea maji, mafuta wala juisi ya miwa.

Hesabu ya bomba moja

Makosa mengi hutokana na kubahatisha kipimo. Anayezidisha huunguza mazao na afya yake. Anayepunguza huyapa magugu mazoezi. Fanya jaribio hili kwa maji matupu.

Pima eneo la mita 10 kwa 10. Jaza bomba maji yanayojulikana, nyunyizia eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima kilichopungua. Tuseme umetumia lita 2. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,000, yaani vipande 40 vya namna hiyo. Lita 2 mara 40 ni lita 80 kwa ekari. Ikiwa bomba lako ni la lita 16, utahitaji mabomba 5 kwa ekari.

Sasa soma lebo. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, imeandikwa lita 4 kwa hekta. Ekari ni takriban hekta 0.4, hivyo ekari yako inahitaji lita 1.6. Gawanya kwa mabomba 5, unapata lita 0.32, yaani mililita 320 kwa kila bomba. Mtumie msimamizi wako hesabu hii kwa maandishi pamoja na kikombe cha kupimia, wala usimwachie kifuniko cha chupa. Anyunyizie asubuhi upepo ukiwa umetulia, akiwa amevaa glavu, viatu vya mpira, miwani na nguo za mikono mirefu. Upepo ukivuma, dawa ya shamba lako huua mpunga wa jirani, na fidia yake hailipwi na muuzaji.

Daftari la mwenye shamba

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tumchukue mfanyabiashara mmoja wa mtaani kwetu mwenye ekari tatu. Kwa miaka mingi hutuma fedha za trekta kila anapopanda upya, na baadaye fedha za palizi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hajawahi kuzijumlisha. Afungue kurasa mbili zinazotazamana. Upande wa kushoto aandike gharama za njia ya zamani: kukatua, haro, mifereji, palizi zote hadi miwa kufunga. Upande wa kulia aandike gharama za njia mpya: kung'oa mashina, mbegu za mikunde, kuifyeka, mifereji, palizi, na dawa kama ipo. Chini ya upande huo aandike pia mapato ya choroko au kunde.

Ajaribu njia mpya katika ekari moja kati ya tatu, msimu mmoja. Mapenzi ya kitu kipya yasimfanye ahatarishe shamba lote. Tani za miwa zitakazopokelewa kutoka ekari ile na kutoka zile mbili zingine zitampa jibu ambalo hakuna mwandishi wa jarida anayeweza kumpa.

Kwa wenye bustani za pembezoni

Wakazi wenye vipande vya mihogo na mboga huko Chanika, Msongola au Pugu wanaweza kuchukua kanuni zilezile: usiiache ardhi uchi, usilime ndago wakati wa mvua, usiruhusu gugu kutoa mbegu, na panda kunde kati ya zao moja na jingine. Afisa kilimo wa kata yako ndiye mlango wa kwanza wa ushauri, na kumwona ni haki ya kila mkazi.

Maswali ya kujipima

1. Taja masharti matatu yanayoonyesha kuwa shamba limepumzika kweli.
2. Kwa nini kulima ndago mwezi Agosti ni tofauti na kuilima mwezi Desemba?
3. Marejea ikatwe lini, na kwa nini isingojwe ikomae?
4. Bomba lako ni la lita 20 na jaribio lako limeonyesha lita 2 kwa mita 10 kwa 10. Utahitaji mabomba mangapi kwa ekari?
5. Je, unajua leo hii kinachoota katika shamba lako?

Jibu la swali la nne ni mabomba manne. Jibu la swali la tano halimo katika jarida hili. Mpigie ndugu yako jioni ya leo, umwombe picha.